Namba ngapi baada ya nukta zinatosha?

Juzi nimeletewa faili la visima niviweke kwenye ramani. Nafungua tu, kisima cha kwanza latitudo yake (digrii za kutoka ikweta) ni 4.33805555555556, namba kumi na nne baada ya nukta! Sasa jamani tupige hesabu hapo.

Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, na kila namba unayoongeza baada ya nukta unagawa kwa kumi. Namba moja ni kilomita 11, hapo unajua mji tu. Tatu ni mita 110. Nne ni mita 11, umeshafika kwenye jengo, tano ni mita moja na kidogo yaani unaonyesha mlango, sita ni sentimita 11. Ya nane ni milimita moja. Hiyo ya kumi na nne ni ndogo kuliko kirusi cha mafua, alafu tunaongelea kisima ambacho mdomo wake peke yake unazidi mita!

Kilichonishtua sio urefu wa namba, ni ile safu ya 5 5 5 5. Ukiiona hiyo (au 3 3 3, au 7 7 7) ujue mtu alikuwa na digrii, dakika na sekunde (sio za saa, ni vipande vya digrii: digrii ina dakika 60, dakika ina sekunde 60) akazigawa kwenye kompyuta. Nikarudisha nyuma na kweli, ilikuwa digrii 4, dakika 20, sekunde 17 kamili. Sekunde moja ni kama mita 31 ardhini, kwa hiyo aliyeandika alikijua kisima kwa mita kumi na kitu huku na kumi na kitu kule, basi. Zile namba nyingine zote kazileta kompyuta, hakuna mtu aliyezipima, na mimi hili linaniuma kwa sababu anayepokea faili anaziamini, anaenda kuchimba bomba kwa kuzifuata.

Simu nayo, ukiwa mahali pa wazi, inapotea kama mita 5 hivi, na kati ya maghorofa au chini ya miti minene inapotea zaidi. Kwa pointi za simu namba tano zinatosha kabisa. Mimi kwenye faili naacha sita, manake ukikata kata katikati ya hesabu makosa yanajumlishana, na hata mwongozo wa GeoJSON (aina ya faili za ramani) unasema sita sio mbaya. Wapima ardhi wenye vifaa vya sentimita ndio wanahitaji saba au nane, lakini wao lazima waandike na mfumo wa marejeo (yaani vipimo vinahesabiwa kuanzia wapi) na mwaka, kwa sababu ardhi yenyewe inatembea. Australia inasogea kama sentimita 7 kwa mwaka, mpaka walipohama kutoka mfumo wa GDA94 kwenda GDA2020 koordineti (namba za latitudo na longitudo) zilisogea karibu mita 1.8.

Hesabu za juu ni za latitudo. Longitudo (digrii za mashariki na magharibi) inabana kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia, ukifika latitudo 60 digrii moja imebaki nusu ya zile kilomita 111.

Kuna kosa la upande wa pili pia, watu wanakata mno. Au programu inakata yenyewe: unaandika 4.3380, jedwali linafuta ile sifuri ya mwisho linakuachia 4.338, na msomaji anadhani ulijua mahali kwa mita 110 tu wakati ulijua kwa mita 11. Ndio maana mi siamini kuhesabu namba peke yake, nataka safu ya pembeni iandikwe kosa ni mita ngapi. Na kwa kitu kama ziwa au mji mzima, hata namba mbili au tatu zinatosha, maana pointi yenyewe umechagua tu wapi uichome.

Lile faili la visima nimelikata namba nne, nikaweka kosa la mita 30 kila mstari, alafu nikamwandikia aliyeniletea anitafutie daftari la aliyekwenda kupima.