Mafuta ya Nazi Hayagandi Kwenye Ini

Asubuhi moja ya kipupwe, hapa Wete, mzee mmoja aliniwekea mezani chupa ya mafuta ya nazi yaliyoganda yakawa meupe, akaniambia: “Mwanangu, hivi ndivyo yanavyoniganda kwenye ini.” Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na safari hii nimeona niyajibu kwa maandishi.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na mwili una 37. Hilo peke yake lingetosha, lakini kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba mafuta hufika kwenye ini vilevile yalivyokuwa chupani. Utumbo huyavunja kwanza. Ini hupokea asidi za mafuta, nyingine likazichoma, nyingine likazirudisha kwenye damu, na nyingine zikawa mikia ya fosfolipidi, yaani molekuli za mafuta zinazojenga utando, ule ukuta mwembamba wa seli.

Mikia iliyoshiba, yaani iliyojaa hidrojeni kama ilivyo mingi ya mafuta ya nazi, imenyooka, hivyo hupangana kwa kubanana. Isiyoshiba, kama ya mafuta ya dagaa na vibua, ina vipindo, hivyo huacha nafasi na utando ukawa laini zaidi. Vimeng'enya vilivyopachikwa humo, yaani protini zinazoharakisha kazi za seli, kwa mfano pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu, huathiriwa na ulaini huo. Hata hivyo seli haikai ikangoja: mikia iliyoshiba ikizidi, kimeng'enya kiitwacho desaturasi huitia vipindo baadhi yake, na utando ukarudia ulaini wake. Wanaosema kwamba ukila mafuta magumu utando nao huwa mgumu huiruka hatua hii, nami siwezi kuwanyamazia. Tena asidi ya lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi, ina mkia mfupi wa kaboni 12 tu, nayo huingia kwenye utando kwa uchache sana.

Nakiri kwamba mengi ya haya yalipimwa kwa panya waliolishwa mafuta ya aina moja kwa wiki kadhaa, na hapana mtu Pemba anayekula hivyo.

Nazi nayo ina lawama yake, kwa sababu mafuta yaliyoshiba hupunguza vipokezi vya LDL (chembe zinazobeba kolesteroli katika damu) kwenye seli za ini, na kolesteroli ikapanda katika damu. Ama mafuta yanayojaa ndani ya ini, utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 kwa wagonjwa wa ini lenye mafuta ulikuta kwamba asilimia 15 tu yalitokana na mafuta ya chakula. Asilimia 59 yalitoka kwenye asidi za mafuta zilizokuwamo katika damu, na asilimia 26 ini liliyaunda lenyewe, kazi ambayo huifanya zaidi kwa sukari na wanga.

Ndiyo maana yule mzee nilimwuliza chai yake huitia vijiko vingapi vya sukari. Vinne, akasema, na huinywa mara tatu kwa siku.