Seli zinazokula mfupa si mchwa

Mtu akisikia kwa mara ya kwanza kwamba mifupani mwake mna seli zinazokula mfupa, huona mchwa kwenye boriti za dari. Seli hizo huitwa osteoklasti, na huyo mchwa ndiye amezaa dhana nyingi potofu zinazozihusu.

Dhana: Kuwa nazo ni ugonjwa

Kila mtu anazo, hata kichanga. Mfupa ni kitu hai, na mtu mzima huufanya upya kama asilimia 10 ya mifupa yake kila mwaka. Osteoklasti hubomoa kipande kilichochakaa kwa wiki chache. Seli za kujenga, osteoblasti, huziba shimo hilo kwa miezi kadhaa. Aliyewahi kubomoa ukuta na kuujenga tena hatashangaa. Ugonjwa huja pale mashimo yanapowazidi wajenzi, kama inavyowatokea wanawake wengi baada ya kukoma hedhi, homoni ya estrojeni inaposhuka.

Dhana: Huutafuna mfupa

Kwa meno gani? Osteoklasti ni seli kubwa inayotokana na seli kadhaa za ukoo wa seli nyeupe za damu kuungana, ndiyo maana ina viini vingi, mara nyingi 5 hadi 20. Hujibandika juu ya mfupa kama bakuli lililofudikizwa, ukingo wake ukibana pande zote ili kitu kisivuje. Ndani ya bakuli utando wake hujikunjakunja, na pampu zilizo humo humwaga haidrojeni yenye chaji. Ikikutana na kloridi, hiyo ni tindikali ya haidrokloriki, ileile ya tumboni. pH hushuka hadi karibu 4.5 na madini ya mfupa huyeyuka.

Nusu hii ya kazi unaweza kuiona jikoni. Loweka mfupa mwembamba wa kuku kwenye siki kwa siku kadhaa, utaupinda kama mpira. Madini yametoka, imebaki kolajeni, ambayo ndiyo huigandisha supu ya kongoro ikipoa. Siki inaishia hapo, osteoklasti haiishii hapo. Hutoa kimeng'enya cha kathepsini K kinachokatakata nyuzi za kolajeni, kisha huvimeza vipande, huvipitisha katikati ya mwili wake na kuvitoa mgongoni. Vipande hivyo huingia damuni, na maabara huweza kuvipima kwenye damu au mkojo ili kujua ubomoaji unakwenda kwa kasi gani.

Dhana: Hujiamulia zenyewe

Kalsiamu ikipungua damuni, tezi za parathiroidi zilizoko shingoni hutoa homoni. Wanaoipokea, ajabu, ni wajenzi na seli zilizofukiwa ndani ya mfupa. Hao ndio hutoa protini ya RANKL inayoziamsha osteoklasti. Yaani mbomoaji haji mpaka mjenzi amwite.

Dhana: Zikizimwa, mfupa utakuwa chuma

Hili ndilo kosa kubwa zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu linasikika kama busara. Wapo watu wanaozaliwa na osteoklasti zisizofanya kazi. Ugonjwa wao, osteopetrosisi, huonyesha mifupa mizito, myeupe pe! kwenye eksirei, na bado huvunjika kirahisi. Mfupa hujaza hata nafasi ya uboho, kiwanda cha damu, mtoto akapungukiwa damu. Katika baadhi ya aina kali, tiba ni kupandikizwa uboho, kwa kuwa osteoklasti chimbuko lake ni humo.

Dawa za kuzipunguza kasi zipo na zinawafaa wengi wenye mifupa dhaifu. Denosumab, sindano ya kila miezi 6, huikamata RANKL. Lakini ikiachwa ghafla, osteoklasti hurudi kwa kishindo, na baadhi ya wagonjwa huvunjika pingili kadhaa za uti wa mgongo. Ndiyo maana anayetaka kuiacha huanzishiwa kwanza dawa nyingine ya mifupa, kama asidi ya zoledroniki.