Unga kaacha, chakula je?

Familia zikimleta kijana wao kwetu kutibiwa swali huwa moja tu, ataacha lini unga, yaani heroini. Suala la kula hakuna anaeuliza, mana kila mtu anaona kukonda ni kwa sababu ya unga basi, akiacha atanenepa. Wengine kweli wananenepa. Lakini wapo ambao tatizo la chakula lilianza zamani kabla hata hawajaonja hicho kilevi, msichana anajinyima kula mpaka anaanguka skuli, au anajificha usiku na boflo zima na wali uliobaki anaumaliza mbio mbio alafu anaingia chooni kujitapisha, na wavulana nao wamo tusidanganyane. Siku akijua unga au mirungi inakata njaa, ashapata dawa yake.

Sasa huyu mkimtoa unga peke yake mnamtoa na kile kilichokua kinamshikilia. Arosto, yale mateso ya mwili ukiukosa unga, ikishapita hamu ya kula inarudi kwa nguvu, khasa ya vitu vitamu, soda na chai ya sukari nyingi, mashavu yanajaa ndani ya muda mfupi na nyumbani wote wanafurahi mashaallah umependeza, yeye anajitazama kwenye kioo anaona balaa. Wapo wa namna hii wanaorudi kwenye unga ili wakonde tu. Ndo mana tunataka matibabu yote mawili yaende pamoja, timu moja, sio umalize hili kwanza alafu lile tutaliona.

Kuna jambo la hatari ambalo watu hawalijui. Metadoni, dawa inayotolewa badala ya unga hospitali ya Kidongo Chekundu hapa Zanzibar, inasaidia sana na mtu asiiache kwa kutishika na maneno yangu, ila inaweza kugusa umeme wa moyo. Anaejitapisha au anaekunywa dawa za kuharisha kila siku anapoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo yanavurugika. Vikikutana vyote viwili mtu anaweza kufa ghafla. Kwa hiyo nesi aambiwe, apimwe damu na moyo. Metadoni pia inafunga choo, na wengine ndo wanapoanzia hizo dawa za kuharisha, wakizipenda hawaachi. Na ukitapika dozi usiongeze nyengine kimya kimya, sema.

Mama zetu nao kwa huruma, mtoto hajala siku kadhaa, mifupa mitupu, siku ya kwanza anawekewa sinia la pilau. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa ghafla madini ya damu yanaporomoka, miguu inavimba, pumzi inakua shida. Aliekonda sana aanzishwe kidogo kidogo hospitali, na mlevi wa pombe apewe vitamini B1 mapema.

Nyumbani tazameni dalili za kujitapisha, uvimbe chini ya masikio, meno yanayolika, michubuko kwenye vifundo vya vidole, na mtu anaefungulia maji chooni kila akimaliza kula. Funga za sunna za kila mara nazo ziulizwe kwa upole, mgonjwa ana ruhusa yake kwenye dini.

Mkimleta njooni na dawa zake zote, hata zile za kunenepa za madukani mana nyengine zina stiroidi, na aje yule anaekula nae kila siku.