Beta Bloka Hazizibui Mishipa

Juzi, katika foleni ya duka la dawa, nilimsikia mama mmoja akimweleza mwenzake kwamba vidonge vya atenolol alivyoandikiwa mumewe ni vya kuzibua mishipa ya moyo. Si mara yangu ya kwanza kuyasikia maneno hayo. Beta bloka, kwa ufupi, ni dawa zinazoukinga moyo na msukumo wa adrenalini, homoni inayouharakisha moyo, hivyo ukapiga polepole na kwa nguvu ndogo zaidi. Atenolol, bisoprolol, metoprolol na propranolol ni za ukoo huo mmoja.

Nadhani kosa linaanzia kwenye jina, maana "bloka" ni neno la Kiingereza lenye maana ya kizibaji. Tumezoea kuambiwa kwamba mishipa huziba, kwa hiyo mtu akisikia dawa ya moyo inayohusika na kuziba, kimoyomoyo huigeuza ikawa ya kuzibua. Ni kweli kuna kinachozibwa, ila si mshipa. Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alieleza kwamba vipokezi vya adrenalini mwilini, yaani sehemu za seli ambako homoni hiyo hutua, ni vya aina mbili, akaviita kwa herufi za Kigiriki, alfa na beta, bila maana ya ndani zaidi ya ile tunayoipa darasa la 4A na 4B. Vipokezi vya beta ndivyo vinavyouhimiza moyo kwenda mbio, na ndivyo dawa hizi huvikalia ili adrenalini ikija ikute nafasi imeshachukuliwa. Mskoti James Black, aliyetuletea propranolol katika miaka ya 1960 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988, hakutafuta namna ya kuuongezea moyo damu. Alitafuta namna ya kuupunguzia haja ya damu hiyo.

Angina nayo, yaani maumivu ya kifua ambayo dawa hizi hutumika kuyapunguza, ni neno la Kilatini lenye maana ya kukabwa, ambalo daktari William Heberden wa London alilitumia mwaka 1768 kuelezea kile ambacho mgonjwa wa kwetu hukisema bila Kilatini chochote: kifua kinanibana. Ikiitwa thabiti haina maana kwamba imepona, bali kwamba mwenendo wake unajulikana. Mzee akipanda ngazi, kila afikapo ghorofa ya pili kifua kinambana, na akisimama dakika chache kinaachia. Mshipa wake uliopunguzwa upana na mafuta unapitisha damu ya kumtosha akiwa amekaa, lakini si ya kupandia ngazi.

Akianza beta bloka, mapigo yake akiwa amepumzika huenda yakashuka hadi 55 au 60 kwa dakika. Moyo unafanya kazi ndogo, na kwa kuwa misuli yake hupata damu zaidi katika kile kituo cha kati ya pigo na pigo, kituo kikirefuka nao unashiba. Anafika ghorofa ya tatu, ilhali mshipa ni ule ule mwembamba.

Hapo ndipo neno "kuzibua" linaponitia wasiwasi, kwani aliyezibuliwa haoni sababu ya kuendelea kumeza vidonge, na beta bloka zikiachwa ghafla angina inaweza kurudi kwa ukali, hata kuleta shambulio la moyo. Kwa hiyo, mama, mwambie mzee kwamba dawa hiyo inaupunguzia moyo kazi, na siku akitaka kuiacha amwone kwanza daktari, ambaye kwa kawaida ataipunguza kidogo kidogo.