Je, wajua kwa nini panya hawamaliziki hata ukiwaua?

Ukipita Igoma, Mabatini au Kirumba jijini Mwanza, hukosi kumsikia machinga mwenye spika: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni! Watu wananunua, wanatega, panya wawili watatu wanakufa. Baada ya mwezi mmoja vishindo viko palepale juu ya dari. Hao wengine wametoka wapi?

Wametoka kwenye chakula walichoacha wenzao. Panya mdogo wa ndani, yule wa gramu 12 hadi 30, hubeba mimba siku 19 hadi 21 tu, kisha huzaa watoto 5 hadi 8. Ndani ya siku moja baada ya kuzaa anaweza kushika mimba nyingine, kwa hiyo ananyonyesha hawa huku wengine wako tumboni. Watoto nao wakifikisha kama wiki 6 huanza kuzaa. Kinachowapunguza kasi ni uhaba wa chakula na wa maficho. Ukiua nusu yao na gunia la mahindi likabaki wazi, umewapunguzia foleni waliobaki: watashiba zaidi, watoto wao watapona wengi zaidi, na panya wa kwa jirani atahamia kwenye nafasi iliyoachwa.

Kwa hiyo ukitaka panya watoke, anza na nyumba. Na bahati nzuri, njia hiyo ndiyo isiyomtesa mnyama.

Mwanza ina shida yake ya pekee. Nyumba nyingi za milimani zimekaa juu ya mawe au zimeegemea jiwe, na kuna ambazo jiwe lenyewe ndilo ukuta wa nyuma. Tofali limenyooka, jiwe halijanyooka. Pale vinapokutana fundi hujaza saruji, na saruji hiyo huja kupasuka. Ufa huo ukiwa na upana wa milimita 6 tu, karibu na unene wa penseli, panya mdogo ameshapata mlango. Kinachoamua ni fuvu: kichwa kikipita, mbavu hujibana na mwili unafuata.

Kuutafuta ufa huo si kazi kubwa. Usiku zima taa za ndani, mtu abaki nje akimulika tochi kuzunguka msingi na ukuta, nawe ndani tazama mwanga unapenya wapi. Au nyunyiza unga kidogo pembezoni mwa ukuta kabla ya kulala, asubuhi ufuate nyayo. Panya hupenda kukimbia huku masharubu na ubavu vikigusa ukuta, kwa hiyo njia yake ya kila siku huacha pia doa jeusi la mafuta ya manyoya.

Tundu usilizibe kwa gazeti wala kitambaa. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, hivyo kutafuna kwake ni lazima, na hapo umempa tu kazi ya usiku mmoja. Chukua zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, zisokomeze mpaka zikaze, halafu zifunike kwa saruji. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati.

Kisha jiko. Panya mdogo hutosheka na kama gramu 3 za chakula kwa siku, na anaweza kuishi bila kunywa maji kwa muda mrefu. Makombo chini ya jiko, pumba za kuku, kiroba cha dagaa wa soko la Mwaloni kilichofungwa kwa kamba: yote hayo kwake ni karamu. Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko unaobana inafaa kuliko kiroba chochote, na dagaa hawatoi harufu nje.

Waliobaki ndani, watege kwa mtego wa kizimba unaomnasa mzima. Uweke ukutani na siagi ya karanga kidogo, ukaguliwe asubuhi na jioni; kiumbe mdogo kiasi hicho haraka hufa kwa njaa na hofu. Wengi humpeleka mbali kabisa, wakidhani wanamwonea huruma. Mbali huko hana shimo wala hajui chakula kilipo, na mwewe wa Mwanza hawalali njaa. Mwachie karibu na nyumba, jioni, kwenye majani au mawe, baada ya matundu kuzibwa. Ukiona chuchu zake zimejitokeza, ujue ana watoto wanaonyonya ndani ya nyumba. Tafuta kiota kabla hujaziba.

Kuhusu gundi ya panya sina maneno laini. Mnyama hukaa saa nyingi amenata, akichubuka ngozi na kujivunja miguu, na mijusi na ndege hunaswa pia. Nchini England, tangu 31 Julai 2024, mtu wa kawaida akitega gundi hiyo anatenda kosa la jinai. Sumu nazo nyingi huzuia damu kuganda: panya huvuja damu ndani kwa ndani kwa siku kadhaa, akiwa amezubaa, na hapo paka au bundi humkamata kirahisi na kula sumu hiyo. Halafu anaoza darini. Ikibidi kabisa kuua, heri mtego imara wa kufyatuka unaomaliza papo hapo.

Bundi tumezoea kumfukuza kwa mawe kwa kuwa eti analeta mkosi. Huyo angekula panya kadhaa kwa usiku mmoja, bure.

Mwisho ni usafi. Mkojo wa panya unaweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa uliozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Kinyesi chao usikifagie kikavu, vumbi lake litaingia puani. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, lowanisha kwa maji yenye jiki, subiri dakika 5, futa kwa karatasi, itupe, kisha nawa mikono kwa sabuni.