Bomba la maji si ethi ya nyumba

Wengi wanaamini kwamba waya wa ethi, yaani unaopeleka ardhini umeme uliovuja, ukifungwa kwenye bomba la chuma, nyumba iko salama, kwa kuwa bomba limezama ardhini. Zamani ilikuwa na mantiki. Siku hizi bomba la nje mara nyingi ni la plastiki, na umeme hauna pa kupita. Hita ya kuogea ikivujisha umeme, bomba zima hadi koki ya jikoni linaweza kuwa na volti 230. Anayeumia ni aliyelowa maji, pengine mtoto.

Hata chuma kikifika ardhini, udongo una ukinzani, yaani huzuia umeme kwa kiasi. Ukiwa omu 20, unapita mkondo wa ampea 11.5 tu, swichi ya ampea 32 haikatiki. Ndiyo maana huhitajika kikata umeme cha miliampea 30, kinachokatika hata umeme ukivuja kidogo.

Mabomba ya chuma huungwa na ethi ya nyumba ili yasitofautiane volti na vyuma vingine. Hayachukui nafasi ya ethi hiyo.

Fuatilia bomba lako: linageuka plastiki wapi? Bonyeza kitufe cha T kwenye kikata umeme. Kinapaswa kukatika papo hapo. Ukinzani wa ethi apime fundi mwenye leseni, kwa kipimo chake.