Kabla hujasema wababa wa Sauzi wanakimbia watoto

Kwenye kitengo chetu cha msaada wa kisheria hapa Johannesburg malalamiko ya matunzo ya watoto yameongezeka, wakiwemo kinamama wa Tanzania na Kongo waliozaa na wanaume wa huku, na wengi wanaanza na neno lilelile, eti mwanaume mweusi wa Sauzi kukimbia mtoto iko kwenye damu. Jamani, hapana, na tumechoka kulisikia.

Hali hii ilitengenezwa kwa sheria. Ile ya ardhi ya 1913 iliwaachia weusi kama asilimia 7 tu ya nchi, kodi nayo inadaiwa, basi mwanaume akaenda mgodini akalala hosteli ya wanaume watupu, mke kabaki kijijini Transkei, eneo walilotengewa weusi, watoto wanamwona baba wakati wa Krismasi tu. Toka 1952 mweusi asiye na muhuri kwenye dompas, kile kitabu cha pasi, haruhusiwi kukaa mjini zaidi ya saa 72, hata kama ni mke wa ndoa kamfuata mumewe. Veli Komani wa Gugulethu, Cape Town, alipambana hadi Mahakama ya Rufani, 1980 ndo akashinda, mkewe Nonceba akaruhusiwa kuishi naye. Yaani mtu anaishtaki serikali ili alale nyumba moja na mkewe! Sheria za pasi zimefutwa 1986 juzi tu, kwa hiyo wababa wengi wa leo walilelewa na baba wa Krismasi, na mpaka sasa ni kama theluthi moja tu ya watoto weusi wanaoishi na baba mzazi.

Wajibu wa baba kumtunza mtoto uko palepale lakini. Nenda mahakama ya hakimu ya eneo lenu, jaza fomu J101, beba kitambulisho, cheti cha mtoto, risiti za matumizi, wakili si lazima. Asipolipa baada ya amri, anakatwa kwenye mshahara, mali inakamatwa, jina linapelekwa kwenye rekodi za wadaiwa, na kuna faini au jela hadi miaka 3. Ila kutolipa kwake hakukupi ruhusa ya kumzuia asimwone mtoto, hayo ni mambo mawili, na ukizuia kinyume cha amri ya mahakama jela inaweza kuwa yako, hadi mwaka 1.

Wababa nao wasikilizwe. Kuna kijana kaja na mfuko wa nepi, wajomba wamemrudisha getini kwa vile hajamaliza inhlawulo, ile fidia ya kumzalisha binti wa watu. Sheria ya Watoto ya 2005 haisemi hivyo, kama mlikuwa mnaishi pamoja kama wenza wa kudumu mtoto alipozaliwa haki unayo tayari, na kama hamkuishi pamoja, kujitambulisha na kuchangia malezi kwa nia njema kunahesabika. Na tangu Septemba 2021 Mahakama ya Katiba imeruhusu baba asiyeoa kusajili mtoto kwa jina lake la ukoo. Mkibishana, ombeni usuluhishi kwa wakili wa familia wa serikali, ni bure, mnakuja wote wawili na cheti cha mtoto.